Nani anakula tokeni zako? Uliza mita kabla ya kumlaumu mwenzako

UMENUNUA tokeni za Sh500 Ijumaa jioni. Kufikia Jumatano, kile kisanduku cha namba kilichoko ukutani kimeanza kuwaka taa nyekundu. Unamwangalia mwenzako mnayeishi naye, naye anakuangalia wewe. Anasema ni pasi yako ya kila asubuhi. Wewe unasema ni dikoda yake inayolala ikiwaka. Ugomvi ukishaiva, mmoja anakumbuka kwamba kuna chaja ya simu huachwa kwenye soketi mchana kutwa, na kesi inaishia hapo: chaja ndiyo mwizi.

Chaja si mwizi. Chaja ya kisasa isiyochomekwa simu hula chini ya nusu wati. Iache hapo mwezi mzima na haitafikisha hata nusu ya uniti moja. Mmegombana kuhusu shilingi chache huku mwizi mwenyewe akiwa bafuni, anaimba.

Tatizo ni kwamba stima tunainunua tukiwa tumefumba macho. Ukienda supamaketi unapewa risiti: mkate bei gani, maziwa bei gani, sukari bei gani. Ukinunua tokeni unapata SMS yenye namba 20, uniti ulizopata na makato yaliyokatwa. Hakuna mahali imeandikwa kwamba pasi ilikula kiasi hiki na friji kiasi kile. Kifaa cha kupima matumizi ya stima nyumbani kinakuandikia risiti hiyo, na si zaidi ya hapo. Hakiokoi hata senti moja chenyewe. Kinakuonyesha tu, kazi inayobaki ni yako.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu ya namba mbili: 30 na 100.

Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani nchini wamegawanywa mafungu matatu na mamlaka ya kawi, EPRA. Fungu la kwanza ni wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi. La pili ni wanaozidi 30 hadi 100. La tatu ni wanaozidi 100. Mpango huo ulipoanza, bei ya msingi ilikuwa Sh12.22 kwa uniti kwenye fungu la kwanza, Sh16.30 la pili na Sh20.97 la tatu. Bei zimesogezwa huku na kule tangu wakati huo, na juu yake kuna gharama ya mafuta, ushuru na makato mengine, lakini mipaka hiyo miwili ndiyo ya kukariri. Kenya Power huangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, kisha inakuweka kwenye fungu lako.

Sasa tega sikio hapa. Ukivuka mpaka, si zile uniti za ziada pekee zinazopanda bei. Zote zinapanda. Chukua zile bei za msingi za 2023. Uniti 100 kwa Sh16.30 ni Sh1,630. Ukitumia 104 na kuhesabiwa kwa Sh20.97, ni Sh2,180 na ushee. Uniti nne zimekugharimu Sh550, na hapo bado ushuru. Mwenye uniti 30 alilipa Sh366, lakini jirani yake wa uniti 34 alilipa Sh554. Kwa hivyo mtu aliye mbali na mpaka akipunguza uniti tano anaokoa kidogo tu, lakini aliye karibu na mpaka akipunguza hizo tano anaweza kuhama fungu zima. Huwezi kujua uko wapi kama hupimi.

Na si lazima uanze kwa kununua kitu. Kile kisanduku cha namba ulicho nacho tayari kinaonyesha salio la uniti. Andika salio kila siku saa tatu usiku, mahali pamoja, hata kama ni kwenye WhatsApp unayojitumia mwenyewe. Ukitoa salio la leo kwenye la jana, unapata ulichokula siku hiyo. Wiki moja ya namba hizo itakuambia mengi: kwa nini Jumapili iko juu hivyo? Ni siku ya kufua na kupiga pasi, au ni mchezo wa mpira na wageni sita?

Kama mita yenyewe iko mahali unapoweza kuiona bila kupanda popote (tafadhali usipande mlingoti), iangalie usoni. Kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na karibu yake kumeandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake, taa ikipepesa mara 1,000 uniti moja imeenda. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na mwingine, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazoliwa wakati huo. Zikiwa sekunde tatu, nyumba inakula wati 1,200, yaani kuna pasi au birika limewashwa. Ikiwa ni balbu mbili na ruta ya Wi-Fi pekee, itabidi usubiri karibu dakika mbili kuiona ikipepesa tena. Washa shawa ya moto na uangalie: inapepesa zaidi ya mara moja kwa sekunde, kama indiketa ya matatu iliyokwama. Kama mita yako imeandikwa namba nyingine, kwa mfano 1600, tumia 2,250 badala ya 3,600.

Baada ya hapo, ukitaka kujua kitu kimoja kimoja, ndipo unapotafuta mita ya plagi. Ni kidude unachochomeka kwenye soketi, halafu unachomeka kifaa chako juu yake. Kioo chake kinaonyesha wati za sasa na jumla ya uniti tangu ulipokichomeka. Nyingine ni plagi za Wi-Fi zinazotuma namba hizo kwenye programu ya simu. Zote zinafanya kazi ileile. Ile ya Wi-Fi ina raha zaidi, ile ya kioo haihitaji bando. Ukinunua, soma imeandikwa ampea ngapi. Ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,000 na ya ampea 10 haifiki 2,500. Usichomeke birika, pasi na jiko kwenye ekstensheni moja ukidhani mita itakuvumilia. Na zile za bei ya chini kabisa hukosea kwenye vitu vidogo sana, vya wati mbili tatu, kwa hivyo usiziamini ukipima chaja.

Kuna na aina ya tatu, inayobana waya mkubwa unaoingia kwenye ubao wa swichi na kupima nyumba nzima. Hiyo ni ya kufungwa na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Si kazi ya video ya dakika tano.

Tuseme sasa unaishi bedsita Roysambu au Kahawa Wendani, huna friji, unapika kwa gesi. Uniti 30 kwa mwezi ni uniti moja kwa siku, au wati 1,000 kwa saa moja. Hiyo ndiyo bajeti yako ya siku. Tuitumie.

Ruta ya wati 10 ikiwaka saa 24 inakula 240. Balbu mbili za LED za wati 9, saa tano, ni 90. TV ya wati 50 kwa saa nne ni 200. Laptopu ya wati 50 kwa saa tano ni 250. Dikoda ya wati 15 ikiachwa imewashwa mchana na usiku ni 360. Jumla: 1,140. Umeshavuka, na hujapiga pasi hata soksi. Sasa zima dikoda ukutani wakati hakuna anayetazama, ibaki saa nne tu: inakula 60 badala ya 360. Jumla inashuka hadi 840. Ongeza pasi ya wati 1,200, nusu saa mara moja kwa wiki, ambayo ukiigawa kwa siku saba ni kama 86. Unafika 926. Uko ndani, tena bila kukaa gizani.

Kumbe kwenye ule ugomvi wa mwanzo aliyesema dikoda alikuwa na hoja. Vifaa vingi vya siku hizi vikiwa vimelala havili kitu cha maana: mwaka wa 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilipendekeza kila kifaa kinachosubiri kisizidi wati moja, na tangu 2013 sheria za Ulaya zimeshusha hadi nusu wati kwa vingi. TV iliyotengenezwa baada ya hapo ikiwa na taa nyekundu haina hatia. Lakini dikoda na sabufa za zamani hujifanya zimelala huku zikiendelea na kazi. Zishike tu kwa mkono. Kama kifaa kilichozimwa kwa rimoti bado kina joto, hilo joto umelilipia.

Namba zako zitakuwa tofauti na hizi zangu, na ndiyo sababu ya kupima. Sabufa kubwa, kompyuta ya gemu, mashine ya kunyolea nywele ukiwa na kibiashara chako hapo nyumbani, vyote vinabadilisha hesabu.

Ila hakuna kinachobadilisha hesabu kama maji ya moto.

Shawa za papo kwa papo zinazouzwa hapa nchini nyingi ni za wati 5,000 na zaidi. Chukua ya 5,500 na uoge dakika nane. Umekula wati 733 za ile bajeti yako ya 1,000, kabla hata hujavaa. Wawili mkioga hivyo kila siku ni uniti 44 kwa mwezi, shawa peke yake. Ukioga dakika nne, ni nusu yake. Na shawa nyingi zina ngazi mbili au tatu za joto: ya katikati inatosha siku nyingi za mwaka, hata Nairobi, ukitoa labda ile baridi ya Julai. Funga maji kwanza ndipo ubadilishe ngazi. Usijaribu kupima shawa kwa mita ya plagi. Imefungwa moja kwa moja kwa waya wake, na iko hivyo kwa sababu nzuri. Pima kwa salio la kisanduku: andika kabla ya kuoga, andika baada.

Huna shawa, unatumia koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo? Fizikia ni ileile. Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 20 hadi 45 kunahitaji kama uniti 0.44, uwe na koili, birika au shawa ya bei ghali. Hakuna mashine inayopasha maji kwa huruma. Unachoweza kupunguza ni kiasi cha maji na joto lake. Birika likijazwa lita moja na nusu kwa kikombe kimoja cha chai, umechemsha na vikombe vya watu ambao hawakuja.

Kwenye jiko ni hivyohivyo. Maharagwe kwenye koili ya wati 1,500 kwa saa mbili ni uniti tatu. Sufuria ya presha ya stima ina wati 1,000 hivi, lakini imefunikwa ikashika joto, kwa hivyo hujizima na kuwaka kidogo kidogo na kumaliza kazi mapema. Kenya Power ina kampeni yake ya kupika kwa stima, Pika na Power, na wewe unaweza kuamini au kutoamini, lakini mita ya plagi haifanyi kampeni. Chomeka sufuria, pika githeri, soma uniti, linganisha na gesi yako.

Friji ndiyo imponzayo anayepima haraka. Ukichungulia mita utaona wati 90, ukirudi baadaye unaona sufuri, kwa kuwa mtambo wake huwaka na kujizima. Iache kwenye mita saa 24, ikiwezekana 48, mkiifungua kama kawaida. Friji ndogo ya mlango mmoja iliyo nzima inaweza kula nusu uniti kwa siku. Ikikupa uniti mbili, kuna shida. Bana karatasi kwenye mlango wake, ukiivuta ikatoka bila kukaza ujue mpira umechoka. Isogeze mbali na ukuta ipumue. Na kama bado hujanunua, angalia ile lebo ya nyota ya EPRA kabla ya kukimbilia friji ya mtumba ya bei poa. Nyota zikiwa nyingi inakula kidogo. Bei ya friji unailipa mara mbili, dukani na kwenye tokeni.

Nikiwa mkweli, ukiwa na friji, uniti 30 kwa wengi ni ndoto. Acha kuikimbiza. Mpaka wako ni 100, yaani uniti tatu na kitu kwa siku, na hapo ndipo dakika nne za shawa zinakuhamisha fungu. Vilevile wewe wa Kisauni au Likoni: feni ya wati 60 kwa saa 10 za usiku ni uniti 0.6. Iache iwake. Kuna kubana matumizi na kuna kujitesa, na joto la Februari Mombasa halina mjadala. Tafuta pengine pa kupunguza.

Mnaoishi wengi kwenye mita moja, msomeni huyu kifaa kama mwamuzi. Kwenye ploti nyingi, bili hugawanywa sawa: nyumba sita, kila mmoja atoe. Mwenye balbu mbili anamlipia mwenye friji na jiko la koili. Mkipima kila kitu kwa siku mbili mbili, mkaandika kwenye karatasi moja, mnaweza kukubaliana: kile kinachotumika na wote kigawanywe sawa, na vizito vilipwe na wenyewe. Hata mkinuna, mtanuna mkiwa na namba. Kama nyumba yenu ina mita ndogo ya mwenye ploti, isomeni nyinyi wenyewe mwanzo na mwisho wa mwezi. Tarakimu yenye rangi nyekundu mwishoni huwa ni desimali, usiihesabu kama uniti nzima, na usikubali ihesabiwe hivyo.

Kuna jaribio moja la kufanya hata kama humshuku mtu. Zima swichi kuu ya nyumba yako. Nenda kwenye mita inayokuhudumia, simama dakika kumi. Taa ikiendelea kupepesa au salio likizidi kushuka wakati kwako kila kitu kimezimwa, kuna kitu kinachovuta stima kati ya mita na swichi yako. Inaweza kuwa waya mbovu unaovuja, inaweza kuwa jirani, inaweza kuwa taa za ngazi na pampu ya maji ya ploti nzima. Piga picha za salio na saa, mpelekee msimamizi wa ploti, na usifungue kitu mwenyewe. Ikiwa ni mita ya Kenya Power yenyewe, huduma yao ya *977# ndiyo pa kuanzia.

Utakutana pia na kisanduku kinachochomekwa kwenye soketi, kina taa ya kijani, na muuzaji anaapa kitapunguza bili nusu. Ndani mara nyingi kuna kapasita na hiyo taa. Bili ya nyumbani huhesabu uniti, na kapasita haipunguzi uniti za balbu wala shawa. Ukishakuwa na mita ya plagi unaweza kumjaribu muuzaji papo hapo: pima birika bila kisanduku, kisha nacho. Utaona atakavyokumbuka ana simu ya kupiga. Kuna wengine nao watakuambia upige pasi usiku wa manane eti stima ni nafuu. Bei za kufuata saa zipo kwa viwanda na biashara. Kwa keja yako, uniti ya saa nane usiku ni sawa na ya saa mbili jioni. Lala.

Unaweza kutarajia nini? Mwaka wa 2006, mtafiti Sarah Darby wa Chuo Kikuu cha Oxford alipitia tafiti nyingi kuhusu watu wanaoonyeshwa matumizi yao ya nishati papo hapo nyumbani, akakuta akiba ya kati ya asilimia 5 na 15. Si nusu. Kwa mtu wa uniti 110, asilimia 10 ni uniti 11, na sasa unajua uniti 11 zinamweka upande gani wa mpaka. Fanya hesabu yako mwenyewe: chukua SMS ya mwisho ya tokeni, gawanya pesa ulizotuma kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi, na makato yote ndani. Izidishe kwa uniti unazodhani utapunguza, uone mita ya plagi itajilipa kwa miezi mingapi. Kama jibu ni miaka mitatu, usinunue. Kaa na kalamu na salio.

Na kwa kuwa wastani ni wa miezi mitatu, mwezi mmoja wa kujinyima haubadilishi kitu. Bei ikikataa kushuka mwezi wa kwanza, usikate tamaa ukarudia dakika nane.

Mita yenyewe utaichoka baada ya wiki mbili. Ukishapima pasi mara moja umeipima, haitakuwa nyingine wiki ijayo. Kwa hivyo changeni watu watano wa ploti, mnunue moja, izunguke. Andika jina la mwenye zamu nyuma yake kwa kalamu isiyofutika, maana vitu vya aina hiyo huazimwa Jumatatu na kusahaulika hadi Krismasi.